Nilijificha Nyuma ya Saumu, Sasa Naiogopa Sahani

Barua hii tumeletewa na msafiri aliyetoka Sumbawanga. Jina la mwandishi tunalijua, ila ametuomba tulifiche, nasi tumelificha. Wasomaji, isomeni kwa huruma.

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mke wa mwenye duka hapa mjini. Tuna binti mmoja wa miaka sita. Nilizaliwa kijijini Pito kwa wakulima Wakatoliki, nikasilimu nilipoolewa. Tangu usichana nina mwili mkubwa, na kwetu hakuna aliyeuona kuwa aibu. Marehemu baba alijivuna mbele ya wageni kwamba mimi nabeba mahindi kuliko kaka zangu.

Mwaka jana tulialikwa harusi Matai. Lori lilikuwa limejaa watu na magunia, na nilipokanyaga ubao wa kupandia, ukakatika. Nikaanguka kwa makalio mbele ya wote. Wifi yangu akapaza sauti, "Jamani, mpakieni wifi kwanza, magunia yatafuata!" Watu wakaangua kicheko. Hilo ningelisahau. Lakini nilipoinua macho nilimwona mume wangu kule juu, ameshika kofia yake isianguke, anacheka mpaka anafuta machozi. Harusi nzima sikumeza kitu. Naye hakuuliza kwa nini.

Ramadhani ilipoingia nikaona mlango. Nilifunga kama wengine, lakini jioni nilikunywa uji kikombe kimoja, nikajidai nimeshiba. Mwezi ukaisha, nikafunga zile siku sita za Shawali. Sita zikaisha, nikasema nalipa siku nilizokula nilipokuwa mzazi. Baadaye ikawa Jumatatu na Alhamisi, kisha karibu kila siku. Nani atamwuliza mtu aliyefunga? Majirani walinisifu: "Mtazameni, kaingia dini juzi tu, katushinda tuliozaliwa humo." Sifa zile zilinichoma, maana sikufunga kwa ajili ya Mungu. Mume wangu akienda msikitini adhuhuri, nilipanda kwenye mizani ya kupimia magunia. Nikiona nimepungua nafurahi, na furaha yenyewe haidumu hata mpaka alasiri.

Siku moja nilikuwa nampimia mteja kaniki, macho yakafanya giza. Nilizinduka nikiwa zahanati. Dresa alinipima, akamgeukia mume wangu, akasema bila kupunguza sauti, "Bwana, mkeo hana homa wala minyoo. Ana njaa."

Waliokuwa kwenye benchi wakasikia, na habari ikaenea mjini kwamba mwenye duka anamnyima mkewe chakula. Wazee wa msikiti wakamwita. Aliporudi nilimwuliza amewajibu nini.

"Nimewaambia nitajirekebisha."

"Hukuwaambia kwamba nilikuwa nafunga?"

"Ningewaambia hivyo, wangeanza kukuhoji wewe. Kula tu, mke wangu."

Nililia, lakini sikumwambia ukweli. Aliibeba aibu yangu, na hata leo hajui chanzo chake.

Basi nikaanza kurudia chakula. Kwanza uji, kisha ugali wa kawaida, kama dresa alivyoagiza. Mama yangu alikuja kutoka Pito na unga wa ulezi kichwani, akaniambia, "Rudisha mwili, mwanangu." Alisema kwa mapenzi, nami nikasikia kama hukumu. Tangu hapo sina raha. Asubuhi nashika mashavu kabla sijanawa uso. Gauni nililoshonewa nilipokuwa mwembamba limeanza kubana kwapani. Nalivaa, nalivua, nalivaa tena. Jirani akiniambia, "Alhamdulillahi, umenawiri," siku nzima najiuliza alimaanisha nini. Nikila kidogo nahisi kizunguzungu, nikila vizuri nahisi kila mtu aliyekuwa kwenye lori lile ananitazama tumbo. Tena mizani ipo palepale dukani, nami napita mbele yake mara kumi kwa siku.

Mara mbili nimeficha matonge ndani ya kanga nikawatupia kuku. Mara ya pili mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba. Alikuja akakaa karibu na jiko, akauliza, "Nifanye nini ili ule?" Nikasema sina hamu tu. Akasema, "Basi usipokula, na mimi sili."

Nilidhani ni maneno. Yapata wiki tatu sasa, nikiacha sahani naye anaacha, na siku nyingi nimeiacha. Suruali yake anaikaza kwa kamba. Wifi yangu amekuja kuniuliza kama kaka yake ni mgonjwa, nami nikamjibu kwamba sijui.

Jana nilijikaza. Nilikula ugali wote na samaki wa migebuka, naye akala, akatabasamu kama mtu aliyepona. Lakini alipotoka tu, nilishindwa kukaa. Nikaanza kuzunguka nyumba, tumbo nimelishika, nikijiambia mzunguko mmoja tu, kisha mmoja tena. Binti yangu akaacha kucheza. "Mama, unatafuta nini?" Nikaendelea kuzunguka. Akaanza kunifuata, akiangalia chini kila nilipoangalia, anisaidie kukitafuta.

Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, nimeshindwa peke yangu. Mwili ukirudi ulivyokuwa, nitaubebaje mbele za watu? Na mume wangu je, nimwambie kwamba ni kicheko chake, au nikitaja hilo nitamvunja mtu ambaye sasa anakaa na njaa kwa ajili yangu? Nielekezeni, nianzie wapi? Naomba mnijibu upesi, maana leo mchana sahani mbili zimefunikwa mezani, naye amekaa ananisubiri.