Ngata Chini ya Kiwiko

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nusu nililimaliza nikichuma kahawa, kwa hiyo mkiona nimepotea njia nivumilieni, nitarudi. Nataka kusema habari ya kiwiko cha mke wangu. Cha kushoto. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamwachia mkono mmoja tu, na kila akitaka kuinuka kitandani alikuwa anakichimbia kiwiko hicho kwenye godoro na kujisukuma.

Sasa, wageni. Huku kwetu Machame mtu akiugua watu wanakuja. Jumapili ibada ikiisha wanapanda kwa mafungu, wengine na mtori wa ndizi kwenye sufuria, na kila anayeingia anasema shikamoo. Mke wangu hajawahi kuitikia marahaba akiwa amelala. Kwake hiyo ni sawa na kumfukuza mgeni. Wakija kumi na watano, anajiinua mara kumi na tano, kisha anabaki ameegemea kiwiko mpaka wa mwisho amalize kueleza mbuzi wake alivyozaa.

Siku moja nikaona ncha ya kiwiko imekuwa nyeusi kuliko ngozi nyingine, ina joto, imekuwa ngumu. Nikadhani ni uchafu. Sitaficha, niliisugua kwa sabuni. Haikupita wiki, ngozi ikafunguka.

Hapo nikaleta ujanja wangu. Mama yangu alibeba ndizi kichwani maisha yake yote na utosi haukumuuma, kwa sababu ya ngata. Basi nikachukua majani makavu ya mgomba, nikasokota ngata nzuri ya duara, nikaizungushia kitambaa, kiwiko kikakaa kwenye tundu. Nikajisifu kwa majirani. Niliwahi pia kuchonga mzinga ambao nyuki wenyewe waliukataa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kidonda kikapanuka, kikaanza kunuka. Nikamwita muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akafunua kidonda. Akaiinua ngata kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Hii kaweka nani?"

"Mimi."

"Babu, hii ni ya kubebea ndizi! Uzito haujaondoka, umeusogeza pembeni tu. Duara lote hili linabana damu isifike kidondani, na nyama isiyopata damu inakufa."

"Si nimekiachia tundu?"

"Hilo tundu ndilo linalommaliza bibi."

Akanionyesha mfupa ulivyo karibu. Uchafu ukiufikia, alisema, tutamteremsha hospitali Moshi, na mkono unaweza usirudi kuwa mkono. Na yeye hana mwingine.

Akanipa kazi. Mto mmoja chini ya mkono wa juu, mwingine chini ya kigasha, kiwiko kibaki hewani katikati. Nimgeuze kila baada ya saa mbili. Nioshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakishapoa, nifunike kwa shashi aliyoniachia. Nisisugue. Ale mayai, maharage, maziwa. Nikiona tena mahali peusi penye joto, niite kabla hapajafunguka. "Na asiegemee kiwiko. Hata mara moja."

Rahisi kusema. Jumapili akaingia mzee wa kanisa. Shikamoo haijamtoka mdomoni, mke wangu kiwiko hicho kinaelekea kwenye godoro.

"Lala!" nikapiga kelele. Mzee wa watu nusura aangushe sufuria.

"Unanifokea mbele ya wageni?"

"Nakifokea kiwiko."

Walipoondoka akageukia ukutani. "Umenifanya niitikie marahaba kama maiti. Hata ng'ombe akianguka mnamwekea kamba ya kumwinua, mimi nimeachwa nitambae."

Nikatoka na panga kukata majani, hasira tele. Nina hasira na wageni, nina hasira naye, na zaidi na ile ngata, maana niliisokota kwa mapenzi. Nimekata mzigo ambao ng'ombe wawili wasingeumaliza, na nina mmoja. Ndipo neno la kamba likanirudia. Nikachukua kamba ya ziada bandani, nikaifunga kwenye boriti juu ya kitanda, nikaivuta kwa uzito wangu wote, nikapiga fundo mkono wake unapofika. Akashika. Nikamshikia mgongo. Akaketi, kiwiko hakijagusa kitu.

Hakuniambia asante.

Kidonda kikaanza kujifunga, polepole mno. Juzi muuguzi amekuja, akatoa shikamoo, mke wangu akaivuta kamba, akaketi wima, akaitikia marahaba ndefu kama ya bibi harusi.

"Wazo zuri hili, babu," muuguzi akasema.

"Ni langu," mke wangu akamjibu.

Na kweli ni lake, ingawa aliyepanda kwenye boriti kwa magoti haya ni mimi. Sikubishana. Nikaenda kuchemsha maji ya chumvi, maana kidonda bado kina ukubwa wa punje ya kahawa.