Meli Iliyokula Mawese

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa mashini Lubunga hakuniuliza masomo. Mi niliachia shule ya primeri katikati. Alishika mukono wangu, akauweka juu ya kusine, ile chuma inashikilia muhimili ukizunguka.

"Unasikia nini?"

"Moto kidogo, shefu."

"Moto kidogo, paka mafuta. Moto mingi, tumekufa. Kiganja yako njo masomo yako."

Kwa ile maneno ninamupa haki yake. Kwa ile tu.

Meli yetu iliitwa Mapendo, meli ya mvuke. Bazungu baliileta kwa vipande, ikaungwa pale pale ziwani Tanganyika, babu yangu akiwa hajaoa bado. Ilibeba pamba, ikabeba banajeshi, ikazama, ikatolewa. Wakati wangu ilibeba batu: Uvira, Baraka, mpaka Kalemie, kila kituo honi mara mbili, na bamama banapanda na kuku na samaki. Mi kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta. Papa Yona alitia kuni chini ya shodieri, ile tungi kubwa ya kuchemusha maji. Mara sita bakubwa balisema meli imezeeka, ikatwe chuma. Mara sita tuliwasha moto, ikaenda.

Vita ikatukuta Baraka, asubuhi. Batu balijaa mpaka kwenye ngazi. Kapiteni Mutoka na shefu Lubunga balishuka katika mutumbwi wa motere, eti banatafuta musaada. Ninaandika majina yao kusudi isomwe. Nilipofungua stoo ya mafuta, mapipa yote yalilia tupu. Lubunga alikuwa ameyauzisha.

Bila mafuta, kusine ingeshika katikati ya ziwa, tubaki pale na ile batu yote. Nilipanda juu, nikamukuta muchuuzi mumoja, Mama Nabintu, amekalia bidoni zake, yale madumu ya mawese.

"Mama, nisaidie mawese."

"Unataka kupika sombe saa hii?"

"Ni ya kupaka mashini."

"Chuma ikule mawese yangu, na mi nikule nini?"

"Mama, kama chuma haikule leo, samaki itakula weye."

Alinitazama. Kisha akainuka, akanitukana mpaka chini ya ngazi, lakini bidoni alizibeba yeye mwenyewe.

Baharia mumoja alishika usukani, tukaondoka. Kuni zilipokwisha, Papa Yona alivunja viti vya klasi ya kwanza. "Kiti ya kapiteni njo ya kwanza!" alisema, akaitupa motoni. Mi nilipaka, nikagusa, nikapaka tena. Ngozi ya kiganja ilibaki kule kwenye kusine. Meli yote ilinukia kama jiko ya arusi, batoto bakaanza kulilia chakula. Jua likiwa lingali juu, tuligusa ngambo ya Tanzania. Hakuna mutu hata mumoja alipotea.

Leo niko hapa Malawi, kambi ya bakimbizi ya Dzaleka. Mama Nabintu naye iko hapa, anashona nguo. Mwezi uliopita tulienda naye Lilongwe, Old Town, kununua vitambaa. Mbele ya duka nikasikia sauti ninayoijua. Ni Lubunga, tumbo mbele, sasa anakaa Likuni, anasimulia batu ya kwetu: "Mi njo nilivusha Mapendo!"

Damu ilinipanda. Mama Nabintu alinivuta nyuma, akaingia katikati yao na heshima yote.

"Jambo, Papa Shefu. Ile siku, meli ilinuka nini?"

"Mama, meli inanuka nini? Mafuta ya mashini na moshi!"

Muuza mandazi mumoja, alivuka nasi akiwa mutoto, alicheka wa kwanza. "Mawese, papa!"

"Mawese!" mwingine akaitika kutoka ngambo ya barabara.

"Basi we hukuwamo," Mama Nabintu akamwambia polepole.

Lubunga akakumbuka ana haraka, akaita kabaza. Ile baiskeli ililia chini yake, sisi tukacheka mpaka ikapotea.

Mi sifanyi kazi tena. Kiganja yangu haisikie moto. Muke wangu ananikataza kuepua sufuria ya nsima, ugali wa huku. Lakini juzi mugeni alitoka kule kwetu ziwani, akasema bakubwa bapya banataka Mapendo ikatwe chuma. Hiyo ni mara ya saba. Nilimuuliza kitu kimoja tu: kama ile meli ingali inapiga honi pale Baraka.

"Mara mbili," akasema.