Maua ya Maboga ya Maman

Kila nikisikia harufu ya maua ya maboga kwenye mawese, wivu unanirudia. Vita vilituletea binti wa tonton, kaka yake maman, kutoka Bunyakiri, amebaki mifupa, na maman akawa anampikia maua yale yeye peke yake.

«Hii inaongezaka damu,» aliniambia. «Weye uko muzima.»

Alichuma yale ya kiume tu, yenye kikonyo chembamba. Yenye kiboga kidogo chini aliyaacha yazae. Asubuhi moja nikayachuma yote, nikayala mabichi nyuma ya nyumba.

Maman alipokuta bustani haina hata ua moja, alifoka: «Ni nani?»

Yule binti alikuwa ameniona.

«Ni miye, maman. Njaa ilinizidi,» alijibu yeye.

Maman akamkumbatia, akalia. Mimi nilisimama pale, tumbo limejaa maua.