Siku Niliyoizima RIP Kule Ganako

Naomba mnicheke taratibu, maana madereva wa Karatu walishanicheka vya kutosha. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya ufundi mtandao, lodge moja pale Ganako, na asubuhi hiyo Mama Paskalina, meneja wetu, akaniomba niangalie kwa nini mtandao unasuasua. Nikafungua laptop palepale mapokezi (ili nionekane, sitaficha), nikaingia kwa mbali kwenye ruta (kifaa cha kuelekeza mtandao) ya ofisi yetu ya mjini, nikakuta bado wanatumia RIP, mfumo wa zamani wa ruta.

"Mama, hii chuoni tulisoma kama historia! Ruta zilikuwa zinaambizana njia kwa hii. Siku hizi hakuna anayeitumia."

"Kama hakuna anayeitumia, hapa inafanya nini?"

Nikamjibu kwamba ni masalia tu, nikaizima.

Mtandao wa lodge nzima ukakatika papo hapo. Ruta ya mjini ilikuwa inaijua njia ya kuja kwetu kwa hiyo hiyo RIP, kwa hiyo hata mimi nikawa siwezi kuifikia tena niiwashe, na vibali vya wageni kuingia Ngorongoro vilikuwa havijalipiwa, na magari yameshajipanga nje, na wageni wenyewe wameshavaa makoti na kubeba lanchi boksi. Dereva Tluway akachungulia dirishani.

"Fundi, wageni wanauliza, leo tunashuka kreta au tunaangalia bustani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikadandia bodaboda mpaka mjini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, nikaiwasha RIP, nikarudi. Vibali vilikuwa vinatoka kwenye printa. Tluway (Mungu anamwona) akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye fundi aliyewaokoa, wakanipigia makofi, mzee mmoja akanishika mkono kwa nguvu, nami nikatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mama Paskalina alikuwa amekunja mikono kaunta, hapigi makofi.

Magari yalipoondoka aliniambia neno moja tu: "Kaa."

Kazi nilipata, ila ameniwekea sharti kwamba nisiguse ruta mpaka gari la mwisho litoke getini. Mkiniuliza leo kama RIP bado inatumika, nitawaambia inatumika, Ganako, na haitazimwa na mimi.