Kiti cha Trakta ya Baba Mukwe

Trakta kuukuu ya patron wetu, mwenye shamba nje ya Élisabethville, ilikuwa imeendeshwa na baba mukwe wangu mpaka goti lake likakataa pedali. Patron aliponipa kazi ya kuifufua, sikutaka kibaki hata kipande kimoja cha zamani. Nikafungua injini, nikasugua kutu, nikapaka rangi nyekundu iliyong'aa kama kioo. Kilikuwa kimebaki kiti tu, kile cha chuma kilicholainika kwa kukaliwa na muzee miaka yote. Nacho nilipanga kukitupa nikipata kingine.

Siku ya kuiwasha, muzee akaja na fimbo yake. Nikazungusha chuma cha mbele, injini ikanguruma. Nikapanda. Ndipo nikakumbuka kwamba kwetu mukwe hakalii kiti cha baba mukwe, na mwenyewe alikuwa pale ananitazama. Basi nikaendesha nimesimama, nikazunguka shamba lote nikicheka peke yangu.

Patron akanikimbilia huku anapiga kelele.

“Kiti iko mubaya? Tutie ingine?”

“Hapana, patron. Kiti iko na mwenyewe.”