Magofu ya Mama Nestory

Watu wa mjini wamegundua kulala chini. Sijui nani kawaambia. Wazazi wao wamehangaika miaka yote kuwatoa kwenye mkeka, leo mtu ana kitanda cha sita kwa sita pale Pasiansi, anakiacha, anapanda boti masaa matatu kwenda kulala juu ya mchanga, na analipia. Sawa, kila mtu na starehe yake. Mimi leo namzungumzia mtu aliyefanya hiyo starehe miaka kumi na moja na hakuna aliyempiga hata picha.

Anaitwa Selina Mayala, ana miaka hamsini na nane. Kazi yake ni kuanika dagaa kwenye kisiwa cha Nabweko. Usijisumbue kukitafuta kwenye simu, utaona maji tu. Wavuvi wanatoka na taa zile siku za giza, asubuhi wanarudi, kina mama wanapokea dagaa na kuwaanika kwenye mwamba. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi kisiwa kizima kinalala. Ndiyo kalenda yao.

Dagaa wakihama, kambi inahama. Mama Selina ameng'oa hema lake mara tisa, kwenye visiwa vitano. Na nikisema hema usifikirie zipu. Ni turubai la bluu, miti sita na mawe. Kambini hakuna anayejenga, kwa sababu hakuna anayekubali kwamba anaishi pale. Muulize yeyote, atakwambia yupo msimu huu tu. Kuna mzee yupo msimu huu tu tangu mwaka tisini na nane. Ukipandisha bati umekiri, na watu wanakuangalia kama umejichimbia kaburi ukiwa mzima.

Mama Selina alikiri mwezi wa nane. Hakuchoka na umaskini, hizo ni hadithi zenu. Alichoka na kukosa mlango. Turubai halifungwi. Mbuzi anaingia, upepo unaingia, mlevi naye anaingia akidhani ni kwake, maana yote ni ya bluu. Akafyatua tofali za udongo, akasimamisha vyumba viwili. Tofali hazikuchomwa, kisiwani kuni za kuchomea tanuru hakuna. Sasa tofali bichi halina mjadala na mvua. Mvua moja kubwa ikilikuta bila paa, asubuhi unazoa uji. Na vuli ilikuwa inakaribia.

Kwa hiyo Alhamisi moja boti ya dagaa ikamletea mabati, mbao, mlango mmoja wenye komeo, na fundi Ngosha kutoka Buswelu. Ijumaa Ngosha akapandisha kenchi, zile mbao za kubeba paa. Jumamosi ilikuwa ya bati. Jumapili mchana fundi anarudi, Jumatatu ana kazi Nyakato. Mpango mzuri kabisa.

Ijumaa jioni simu ikaita. Alikuwa Nestory, mwanawe wa pekee. Huyu Nestory kakulia ndani ya turubai hilohilo, anajua kila tundu lake. Siku hizi anakaa Pasiansi, na ameanzisha biashara ya kupeleka watu visiwani kulala kwenye hema. Kisiwa chake cha kwanza unakijua. Hakuwa na kingine.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kesho nakuja na wageni tisa. Bati mmeshapandisha?"

"Kesho asubuhi."

"Msipandishe."

Mama Selina akatazama kuta zake.

"Nimewaandikia kisiwa hakina hata bati moja, kila kitu asili. Ni mpaka Jumapili mchana tu, Mama. Tukiondoka mpandishe hata ghorofa."

"Na mawingu haya?"

"Simu yangu inaonyesha jua."

"Simu yako iko Pasiansi."

Lakini akakubali. Mtoto ni mmoja, na safari ndiyo ya kwanza. Ngosha alipoambiwa, aliangalia juu, akaangalia kuta, akaweka nyundo chini taratibu kama ameweka yai.

"Mama, Jumapili mchana napanda boti hiyohiyo na wageni. Napandisha bati saa ngapi?"

"Asubuhi mapema, wakiwa wamelala."

"Mtu aliyelala mchangani halali mpaka saa mbili."

"Basi watakusaidia."

Jumamosi saa nne boti ikafika. Nestory aliruka wa kwanza, na kabla wageni hawajamaliza kuvua maboya alikuwa ameshafunika mabati kwa nyavu kuukuu. Mlango akaulaza juu ya mawe manne, akapanga vikombe juu yake. Akauita meza ya asili. Komeo lilikuwa linang'aa katikati ya chupa za maji, hakuna aliyeuliza.

Hema walizifunga ufukweni, kwenye mchanga laini chini ya mwamba. Mama Selina alikwenda kumwambia mwanawe pembeni, kwa heshima, asimwaibishe.

"Mmeziweka kwenye njia ya maji."

"Kwenye mwamba vigingi haviingii, Mama."

"Kigingi changu mimi ni jiwe. Umesahau?"

"Jiwe halipendezi kwenye picha."

Hapo ujue mtoto aliyekuwa akitumwa kuokota hayo mawe ndiye anaongea.

Baada ya chai akawatembeza. Aliwaonyesha ndege, akawaonyesha mwamba wa dagaa, wakaziba pua kwa adabu. Wakafika kwenye nyumba. Huwezi kuficha vyumba viwili kwenye kisiwa ambacho mti mrefu kuliko yote unafika kifuani.

"Na haya ni nini?" akauliza dada mmoja mwenye kofia pana.

Nestory hakusita hata kidogo. "Magofu."

Mama yake alikuwa hatua nne nyuma, ameshika beseni.

"Magofu ya nani?"

"Ya wavuvi wa kale."

Wakaanza kupiga picha. Dada wa kofia akaweka kiganja ukutani, akafumba macho. Mmoja tu hakutoa simu, kaka anaitwa Iqbal. Familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini, na alikuja Nabweko akisema anataka siku mbili za kutokusikia habari ya misumari. Akainua shingo, akanusa kenchi.

"Wavuvi wa kale walikuwa na mbao za juzi?"

"Huo ni ukarabati," Nestory akasema.

"Na kuta zimenyooka kwelikweli. Hongera zao."

"Wamesikia," Mama Selina akajibu, akapita na beseni lake.

Saa tisa Nestory akafika kwenye kilele cha ziara, hema la mama yake. Watu tisa wakajibana ndani. Yeye anaeleza: hapa ndipo mtu anaishi na maumbile, hakuna ukuta kati yake na ziwa, hakuna mlango. Alisema neno mlango kwa dharau kidogo. Nje, Mama Selina alikuwa ametazama upande wa pili wa ziwa mara moja tu. Maji yalikuwa yamebadilika rangi na wingu limekaa chini, halina hata haraka. Waliokaa visiwani hawahitaji kutazama mara mbili.

Akaingiza kichwa. "Tokeni."

Wakacheka, wakadhani ni sehemu ya ziara. Akaanza kuondoa mawe. Aliondoa la kwanza, la pili, turubai likaanza kupiga makofi juu ya vichwa vyao.

"Mama, unafanya nini? Wageni wako ndani."

"Namvua huyu namvika yule."

Akalivuta lote kwa pamoja, wageni wakabaki wamesimama katikati ya miti sita, kitanda cha kamba na sufuria tatu, wanaangaliana. Yeye na Ngosha wakakimbia nalo kwenye nyumba. Likafunika chumba kimoja. Chumba cha pili kikabaki wazi, na upepo ulikuwa umeshafika.

Nestory alisimama pale. Akatazama wageni wake, akatazama kuta. Mimi nimemuuliza baadaye alikuwa anawaza nini, akasema alikuwa anatafuta sentensi. Hakuipata. Akaenda akafunua nyavu, akajitwisha bati la kwanza mbele ya wote aliowaahidi kwamba bati halipo.

Iqbal akafumba macho kama mtu aliyefuatwa na mdai wake kanisani.

"Mabati ya geji thelathini," akasema. "Nimekuja huku kuyakimbia haya."

"Unajua kuyashika?" Ngosha akauliza kutoka juu.

"Nimezaliwa dukani. Nipe glavu."

"Glavu ziko Buswelu."

Wakapandisha. Iqbal na Nestory wanainua, Ngosha anapigilia, dada wa kofia anagawa misumari kutoka kwenye kofia. Walifikisha mabati saba kabla mvua haijafika. Ilipofika haikubisha hodi. Maji yakashuka kwenye mwamba kwa njia yake ya siku zote, yakapita ufukweni, yakang'oa vigingi kimoja baada ya kingine kama mtu anayepalilia. Hema tatu zikaenda ziwani. Zingine zikalala chali.

Wakaishia wote ndani ya magofu. Watu kumi na wawili, nusu chini ya bati, nusu chini ya turubai la bluu. Kona moja haikufunikwa vizuri, ikayeyuka kama sabuni, shimo la ukubwa wa sufuria. Mama Selina aliweka kiganja chake pale muda wote wa mvua, kama anamzuia mtu asitoke damu. Kuta zilizobaki zilisimama.

Mvua ilipopungua akapika ugali na dagaa. Waliokuwa wameziba pua asubuhi waliomba kuongezewa.

"Mama, haya magofu yalijengwa lini hasa?" dada wa kofia akauliza.

"Mwezi wa nane."

"Mwaka gani?"

"Huu."

Nestory alikuwa anatafuna kwa bidii sana.

Jumapili kukapambazuka jua lile la simu, limechelewa siku moja. Ngosha akashusha turubai, akamalizia mabati kwa msaada wa wateja, ambao sasa walikuwa wanabishana na Iqbal kuhusu misumari. Kisha Mama Selina akashuka ufukweni, akasimama mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai.

"Inueni vikombe vyenu. Nachukua mlango."

Ngosha akaupachika saa tano. Boti ilikuwa inaita. Nestory akapanda kwenye nyumba kuaga, akakuta mlango umefungwa, mama yake yuko ndani. Komeo likasikika linaingia. Likatoka. Likaingia tena. Likatoka. Likaingia.

"Mama, limegoma?"

"Halijagoma."

"Sasa nini?"

"Nasikiliza tu. Nenda, boti itakuacha."

Nestory akapiga hatua mbili, akarudi. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya mtu mwenye safari nyingine imeshajaa, kama lile turubai la zamani analihitaji bado.

Komeo halikufunguka.

"Lina dagaa juu yake," akajibiwa.