Shira ya Dada Zuhura

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia viganja vinaniloa jasho. Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami ni kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamchomoza. Nilifuatana na dada yangu Zuhura, aliyekwenda kununua nguo za kupeleka Unguja. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na Zuhura ndiye aliyenilisha, akanivisha, akanichapa nilipostahili. Sikuwa na mtu mwingine duniani. Hilo liweke moyoni kabla sijaendelea.

Dada alikuwa na maradhi ya sukari. Daktari wa nyumbani alimkataza chai tamu, soda na halua, naye akatii kwa kununa. Sasa ilikuwa miezi ya mapukutiko, joto la Guangzhou limevunjika na hewa imekauka mpaka midomo inapasuka. Tukirudi kutoka Shisanhang, kule kwenye mtaa wa nguo za jumla, koo zilikuwa zimetukauka kwa kubishania bei, na kila kibaraza tulichopita watu wanakunywa vitu vya moto vinavyonukia. Dada akatamani sharubati ya lozi kama ya arusini kwetu. Akaamua kupika shira yake mwenyewe katika chumba tulichopanga, asitie hata punje ya sukari.

"Hamadi," akaniambia, "hii itakuwa dawa, si anasa."

Akachemsha tende na tangawizi, mdalasini na hiliki. Hiliki alitoka nayo nyumbani. Zuhura hasafiri bila hiliki, hata akienda peponi atauliza kama ipo. Akachuja, akairudisha motoni mpaka ikawa nzito. (Tende nazo zina sukari yake, mwanangu, lakini siku zile tuliziona kama hazina hesabu.) Lozi alizinunua kwenye duka la dawa za miti shamba, mfuko mzima, zimekwisha kumenywa, ndogo na nono kuliko za kwetu. Hakumuuliza muuzaji kitu. Lugha yenyewe hatukuwa nayo, ila maneno machache ya kuombea bei na kukatalia. Na tena, mwanamke aliyepika arusi za mtaa mzima, akaulize lozi? Akazitwanga mbichi, akazikoroga ndani ya shira iliyokwisha kupoa, maana aliamini moto unaua faida yake.

Akamimina vikombe viwili, akaongeza maji ya moto.

Mimi nimelelewa kwamba chakula cha mkubwa hakitiwi kasoro. Ukiletewa, unakula, unashukuru. Basi nilipopiga funda la kwanza, ulimi ulinikunjamana. Ulikuwa uchungu mkali, wala si wa tangawizi. Nikamtazama dada. "Inakwaruza kidogo," alisema, "lakini ndivyo kisicho na sukari kinavyokuwa. Wewe waionaje?"

"Nzuri, dada," nikasema.

Kisha nikainuka kama ninayekwenda kuosha vyombo, nikaimwaga yangu. Dada akamaliza yake, akajiongeza nyingine.

Haukupita muda akasema kichwa kinamuuma. Akaanza kuhema kama aliyepanda ngazi na mzigo, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Akajaribu kusimama, miguu ikamkataa. Mwanangu, nilipigwa na woga ambao sijaujua kabla wala baada. Nilimwona dada yangu mkali, aliyewatoa jasho wauza nguo wote wa Shisanhang, amelala sakafuni ananitafuta kwa macho. Nikaita "Yallah, Yallah" mpaka sauti ikanikauka.

Katika ule woga nikakumbuka onyo la daktari: akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka, mpe kitu kitamu. Na kitamu gani kilichokuwa karibu? Nikachukua kile kikombe chake cha shira. Nikamwinua kichwa, nikamwekea mdomoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesikia kelele zangu. Aliingia, akaona bakuli la lozi zilizobaki, akanipiga mkono kikombe kikaruka. "Bu yao! Bu yao!" alipiga kelele, neno lile lile tulilolitumia sokoni kukatalia bidhaa. Niliwaka hasira, nikataka kumsukuma. Akachukua lozi moja, akanionyesha, akajishika koo, akafumba macho na kulaza kichwa begani. Hapo nikafahamu.

Yeye ndiye aliyeita teksi, na yeye ndiye aliyeubeba ule mfuko hadi hospitalini. Daktari mmoja aliyejua Kiingereza kidogo alinieleza: hizi si lozi za kwenu. Ni mbegu za ndani ya kokwa ya tunda jingine. Watu wa hapa huchemsha chache tu kwa ajili ya kikohozi; mbichi, tena nyingi, ni sumu. Kisha akaingia kwa dada, akaniachia mlango uliofungwa. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikiogopa kila aliyetoka mle, nisije nikaambiwa nisilotaka kusikia. Nilijiuliza nitarudije Unguja peke yangu, na nani ataniita mdogo wangu.

Jua lilikuwa halijazama waliponiruhusu kuingia. Dada alikuwa na mpira wa hewa puani, sauti imebaki ndogo.

"Wewe hukunywa," akasema.

"Nilionja, nikamwaga. Ilikuwa chungu mno."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuheshimu, dada."

"Na kaburini ungenisindikiza kwa heshima hiyo hiyo?"

Nililia mpaka muuguzi akaja kuniangalia.

Dada alipona, akaishi miaka mingi. Shira ya tende tuliendelea kuipika kila tuliporudi kule, ila bila lozi, na yeye akiipima kwa kijiko kidogo. Kila mara alinikabidhi kikombe kwanza, kisha ananiuliza, "Kasoro yake?" Na mimi nikamwambia, hata akinuna.

Basi mwanangu, kutengeneza chako mwenyewe nyumbani ni jambo jema, lakini kitu kinachofanana na cha kwenu si lazima kiwe cha kwenu. Kuuliza si ujinga, hata kama ni kwa kuonyesha kidole. Na la pili ndilo hasa nililokuitia. Wazee walisema heshima si utumwa. Ukiona uchungu kwenye kikombe cha mkubwa wako, mwambie kwa adabu, lakini mwambie kabla hajameza. Akikukasirikia, hasira itapoa. Na kikombe changu nacho usikibague. Mimi pia ni mzee ninayejiona najua.

Mola akulinde na usichokijua, akupe ulimi wenye adabu na usioogopa, na akubakishie wale unaowapenda mpaka uchoke kuwakosoa. Amina.